Kichwa cha Simione

Povu lilikuwa limeinua mfuniko, likamwagika ubavuni mwa chungu na kuuzima moto nusu. Nilikuwa nimejitwika mashuka ya Madamu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya mwezi wa saba, na jambo la kwanza lililonijia lilikuwa la kazi tu: nani amewasha moto kabla yangu, na kwa nini ametumia chungu changu cha kufulia?

Kilikuwa chungu kikubwa cha chuma chenye miguu mitatu, kikikaa nyuma ya chumba cha dawa cha misheni. Kila Jumanne nilichemshia humo nguo za nyumba ya Moruti Astier, mchungaji wetu, na mkewe Madamu. Siku hiyo mtu alikuwa ameweka jiwe juu ya mfuniko. Na kulikuwa na harufu. Ilikuwa harufu ya nyama, lakini si ya kondoo wala ya nguruwe. Ilikuwa na utamu ndani yake, utamu uliolala siku nyingi, ikanikaa kooni kama mafuta yaliyoganda. Nikajiambia Moruti anatengeneza sabuni. Nikatua mashuka, nikaondoa jiwe, nikachukua mti wangu wa kukorogea nguo ili nilipunguze lile povu.

Mti ukagonga kitu kigumu. Kitu kikageuka majini taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani aone nani amemwamsha.

Nilimtambua kwa paji la uso. Upande wa kushoto, juu ya jicho, mfupa ulikuwa umebonyea shimo la kutosha ncha ya kidole gumba. Rungu lilimpata hapo enzi za ujana wake. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakipanda magotini pake na kulitia kidole shimo lile, naye akifumba macho na kuwaacha. Tulikuwa tumemzika Ijumaa. Nilikuwa nimeimba kaburini pake mpaka sauti ikakauka.

Nilitapika juu ya mashuka ya Madamu. Nikatapika tena juu ya majivu. Imepita miaka arobaini. Mpaka leo siwezi kukaa karibu na nyama inayochemka. Wajukuu wangu hupika nyama kwa jirani, nao hudhani ni uzee.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Lebajoa. Simione lilikuja na ubatizo. Alikuwa kijana wakati wa vita vile vilivyomaliza watu, miaka ambayo mashamba yaliota majani na ng'ombe wote walikuwa wametekwa, na waliobaki walikimbilia mapangoni wakala walichokipata. Walichokipata kilikuwa watu. Vita vilipokwisha mfalme wetu wa milimani aliwasamehe, akawapa ng'ombe na mbegu, akawaambia warudi kulima. Simione alirudi, akalima. Lakini tangu siku hiyo hakugusa tena nyama ya aina yoyote, hata ya kuku, hata harusini. Kwa miaka hamsini alikula uji mchachu wa mtama, maharage na mboga za porini.

Watu hawakumsahaulisha. Pale chemchemini wanawake walikuwa na mzaha wao: "Simione akija kwako, hesabu watoto kabla hajaingia, na uwahesabu tena akishatoka." Alikuwa akiusikia. Alicheka pamoja nao, kisha akapita njia ya mbali kurudi kwake.

Hakuoa. Mume wangu alipouawa katika vita na Makaburu, nikabaki na binti mchanga na kibanda kinachovuja, Simione ndiye aliyeniletea samadi kavu ya kuwashia moto majira yote ya baridi. Hakukaa. Alitupa mzigo mlangoni, akasema, "MaKhotso, moto wako umelala," akaenda zake. Tulijifunza kusoma kwenye benchi moja, mimi nikiwa na Khotso mgongoni, yeye na mvi zake, tukisukumana viwiko kugombea kitabu kimoja kama watoto.

Moruti Astier ndiye aliyetufundisha. Sitaki kumpunguzia haki yake. Khotso alipopatwa na ugonjwa wa koo, ule uliokuwa ukifagia watoto wa kijiji kizima, Moruti alimlaza kwenye meza yake ya kulia chakula, akamtoboa koo kwa kisu, akaweka mdomo wake mwenyewe kwenye tundu na kufyonza ule uchafu uliokuwa ukimnyonga, akautema sakafuni, akafyonza tena. Mtoto akavuta pumzi. Mimi niliona. Mtu aliyefanya hivyo kwa mtoto wa dobi hakuwa akijifanya. Na alipoomba, alilia kweli. Mapigo ya moyo wake uliweza kuyaona shingoni.

Lakini alikuwa mtu mkubwa, na ukubwa wake ulitoka kwa Simione. Kitabu alichoandika juu ya mla watu aliyempokea Kristo kilisomwa Ulaya yote. Wafalme walimwalika mezani, maprofesa walimvika nishani. Nilikiona kitabu hicho siku moja nikipangusa vumbi. Mbele kulikuwa na picha ya Simione. Mzee wa watu alikuwa na meno sita. Mchoraji alimjazia yote, tena akayachonga.

Yeye mwenyewe alichukua imani kama mtu anavyochukua mzigo wa mawe. Kwenye meza ya Bwana, Moruti alipotamka, "Twaeni, mle, huu ndio mwili wangu," Simione alitetemeka mpaka benchi letu lote likatetemeka. Mwaka mzima hakuthubutu. Siku aliyoweza, alikula machozi yakimdondokea kiganjani. Moruti alilia pia, akaenda kuandika. Baada ya hapo wageni wakaanza kuja kutoka ng'ambo, na walikuja Jumapili za meza ya Bwana. Waliwekewa benchi la pembeni, mahali ambapo mtu anaweza kuona vizuri kinywa cha Simione kikitafuna.

Nakumbuka bwana mmoja mwenye ndevu nyekundu, na mkewe aliyefunika pua kwa kitambaa. Nilikuwa nikiwahudumia chai barazani. Simione alikuwa ameitwa, amesimama uani na kofia mkononi.

"Simione," Moruti alisema kwa lugha yetu, kwa upole, "mgeni anauliza nyama ile ilikuwa na ladha gani."

Simione alitazama kofia yake. "Mwambie alikuwa anaitwa Seipati."

"Nani?"

"Huyo msichana. Alikuwa anaitwa Seipati. Mwambie hivyo."

Moruti aligeuka, akazungumza kwa lugha yao muda mrefu, mikono ikipanda na kushuka. Yule mwanamke akatoa kitambaa puani, akapiga kelele kidogo, na mumewe akaandika kwenye daftari. Kisha wakampa Simione kipande cha keki.

Nilimkuta jioni amekaa kwenye jiwe nje ya kwangu, keki bado iko mkononi. "Ameongea maneno mengi yule," aliniambia. "Mimi nilisema jina tu."

Alikufa kwa kifua, mwaka wa theluji kubwa. Alasiri yake ya mwisho nilikuwa naye, nikimlowesha midomo kwa uji. Alitaka kuhakikishiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba atazikwa uso ukitazama mashariki, kama wazee wetu wote. Nikamwambia ndivyo itakavyokuwa.

"La pili," akasema, "ni hili la kufufuka. Ni mwili huu huu? Si mwingine?"

"Moruti anasema ni huu huu, Ntate, baba yangu. Umetengenezwa upya, lakini ni huu."

"Basi na yeye atakuwa na wake. Seipati. Wataurudisha wote." Alipumzika, akakohoa. "Nitamtafuta. Nataka nimwambie kwa mdomo, uso kwa uso. Nimefanya mazoezi ya maneno miaka yote hii, MaKhotso. Nisije nikasahau."

Moruti aliuchukua mwili kuuandaa katika chumba cha dawa, akasema ugonjwa ule unaambukiza. Tulipokuja kuaga, jeneza lilikuwa limeshapigiliwa misumari. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila aliyekufa kwa kifua majira yale, nayo ilituuma, maana sisi humtazama maiti usoni, lakini nani angebishana na mtu aliyenyonya ugonjwa kwa mdomo wake? Moruti alihubiri vizuri. Kuhusu lile jeneza, hakuna aliyeuliza kitu.

Sasa nilikuwa nimejua. Nilinawa uso kwa maji ya barafu ya pipa, nikaingia ndani na matapishi kwenye aproni.

Alikuwa mezani kwake, kalamu mkononi, miwani imeteremka. Aliniangalia mara moja, akajua.

"Umefungua."

"Povu lilikuwa linazima moto, Moruti."

Alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. "Kaa, MaKhotso."

"Nitasimama."

"Kile ulichoona ni mfupa. Roho ya ndugu yetu iko kwa Bwana, pale hayupo. Sikiliza. Huko kwetu wako watu wenye elimu wanaosema kichwa cha Mwafrika si kama chao, kwamba mla watu amezaliwa hivyo, ndani ya mfupa. Wanaandika vitabu. Mimi nataka wapime. Wapime kichwa hiki waone hakuna tofauti. Unaelewa? Nawatetea ninyi."

Na ndilo jambo ambalo mpaka leo linanichefua kuliko harufu: alikuwa anaamini. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Wewe ulitufundisha kwamba mwili utafufuka," nikasema.

"Mungu hana shida kukusanya mifupa iliyotawanyika."

"Mungu sina wasiwasi naye, Moruti. Nauliza habari za aliyeitawanya."

Akaivaa tena miwani yake. "Ulimkata wewe mwenyewe?" nikauliza. "Kwa kile kisu cha Khotso?"

Alisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Koo lake linaendeleaje, mtoto? Halimsumbui baridi hii?"

Nilielewa kwamba ameniambia jambo, na kwamba hata yeye pengine hakujua kuwa ameniambia.

"Usiwaeleze watu," akaendelea. "Imani yao bado changa, utaivunja. Na kwa kuwa umeshaona, nisaidie. Mikono yangu inatetemeka siku hizi. Kikiiva, ukisugue, ukiondoe kila kitu, ukianike. Gari la ng'ombe linaondoka Alhamisi."

"Ndiyo, Moruti," nikasema.

Huo ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema, na sijawahi kuutubia.

Sitaeleza nilichofanya saa ile iliyofuata. Nilikifanya kwa mikono yangu, kwa upole niliouweza, nikizungumza naye kama unavyozungumza na mtoto unapomwosha. Kila kilichotoka nilikihifadhi, nikakifunga pamoja naye katika aproni yangu. Nikamweka chini ya kapu, juu yake nikapanga mashuka yaliyolowa, nikajitwika. Moruti alikuwa amesimama barazani. Nilipita mbele yake hatua tano.

"Unakwenda kuanika?" akauliza.

"Kule kwenye upepo, Moruti."

Nilikwenda kwanza kwa Ntate Mokhethi, mzee wa kanisa. Yeye ndiye fundi wa majeneza, na lile la Simione alilipiga misumari kwa mkono wake. Nilimkuta akiranda ubao. Nilipomweleza, hakuacha kuranda.

"Wewe uliona," nikamwambia. "Ulipofunika."

"Niliona blanketi limefungwa. Sikuuliza."

"Kwa nini hukuuliza, Ntate?"

"Kwa sababu nina macho!" Aliitupa randa. "Unataka nifanye nini? Moruti akisema ni dawa, ni dawa. Akisema ni mfupa, ni mfupa. Unataka watu wasikie, waichome misheni? Watoto wasome wapi? Nenda, MaKhotso. Nenda kaanike nguo zako, usiniletee kapu hilo mlangoni."

Nikaazima jembe lake bila kumwomba, nikaenda makaburini peke yangu. Lilikuwa jua la saa nane, kali na baridi, na theluji iking'aa milimani. Wanawake wawili walipita njiani na kuni, wakaniuliza nafanya nini. Nikasema udongo umedidimia, naurudishia. Wakanionea huruma, wakaenda. Udongo ulikuwa bado laini na kaburi halikuwa refu. Wachimbaji walikutana na mwamba. Hata hivyo viganja vilipasuka. Nilipogonga ubao nilikuwa nimezama mpaka kifuani, nikagundua kwamba sina cha kung'olea misumari.

Ndipo kivuli kikaniangukia. Ntate Mokhethi alikuwa amesimama juu, nyundo mkononi, uso ameugeuzia pembeni.

"Toka hapo," akasema.

Aliteremka, akang'oa misumari mmoja mmoja. Mfuniko ulipoinuka tulimwona Simione katika blanketi lake, amefungwa kamba shingoni kama gunia la mtama. Pale pa kichwa palikuwa na gogo la mti wa mpichi, limezungushiwa taulo ili mtu akipapasa ahisi umbo. Taulo nililijua. Nililifua mwenyewe juma lile.

Mokhethi alitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni. Alilinyakua gogo, akalirusha nje ya kaburi, mbali kabisa, na taulo likipepea. Kisha akaipokea aproni kutoka mikononi mwangu. Alimlaza uso ukitazama mashariki, akambana kwa mawe mawili asigeuke. Nilisema Baba Yetu. Yeye hakufungua mdomo. Tulirudishia udongo, naye akaondoka na jembe lake begani, upande mwingine.

Jumatano Moruti aliniita, akanitaka nirudishe. Nikamwambia kimerudi kilikotoka. Alijua ni wapi, na alijua hawezi kwenda kuchimba mchana watu wakimwona. Hakupiga kelele. Alisema, "Umenihuzunisha sana, binti yangu," na nikaona kweli amehuzunika, kama mtu ambaye ng'ombe wake wa maziwa amempiga teke.

Jumapili nilisimamishwa mbele ya kanisa. Shitaka lilisomwa na mzee wa kanisa, kama ilivyo desturi, na mzee wa kanisa alikuwa Ntate Mokhethi. Alisoma kwamba Puseletso, aitwaye MaKhotso, ameiba mali ya misheni, hataki kuirudisha, na kwa hiyo anaondolewa kwenye meza ya Bwana na kwenye kazi. Nilimtazama muda wote. Alisoma akilifuatisha karatasi kwa kidole, na ukucha wa kidole hicho ulikuwa bado mweusi kwa udongo wa Jumanne.

"Una la kusema?" Moruti aliuliza.

Nyuma, wale wa chemchemini walikuwa wamenyoosha shingo. Nikaona jinsi itakavyokuwa nikisema. Hawataichoma misheni. Watashtuka, watashika midomo, na kufikia jioni kutakuwa na mzaha mpya: mla watu naye kapikwa. Watoto wataucheza. Miaka hamsini mzee alikula uji ili watu wasahau, na mimi ningewapa kitu ambacho hakuna atakayekisahau.

"Sina," nikasema.

Nikaitwa mwizi. Jina hilo lilizoea nyumba yangu kama moshi. Khotso alipigana shuleni kwa ajili yake, na akaolewa mbali kwa sababu yake. Sikurudi kanisani. Huomba nyumbani, nimekaa kitako, mlango wazi. Bwana sijagombana naye.

Kiangazi kilichofuata mipichi ilizaa mpaka matawi yakavunjika. Madamu aliagiza kile chungu cha chuma kisuguliwe kwa majivu na mchanga, akapikia humo jamu, chupa kwa chupa, akagawia wazee wa kanisa na wake zao kwa Krismasi. Sijui alijua nini. Aliyechukua kazi yangu ya udobi aliniletea chupa moja kwa siri, kwa kunionea huruma. Ilikuwa nzuri kwa macho, rangi ya asali. Niliizika na chupa yake. Lakini niliwaona wengine wakila, mkate juu ya mkate, wakilamba vidole, na Ntate Mokhethi amekaa katikati yao na kipande chake mkononi, akikitazama. Alikula. Alikula chote.

Moruti alirudi kwao uzeeni, akafia huko. Tulisikia kwamba mazishi yake yalisimamisha mji. Jiwe lake la kumbukumbu liko ukutani kanisani, na watu hulisoma.

Mwezi uliopita nilipata mgeni. Moruti Phakiso ni kijana, mtoto wa hapa hapa, aliyesomeshwa ng'ambo miaka minne. Alikaa kwenye kigoda, akaweka daftari magotini. Kanisa linaandaa kitabu cha maisha ya Astier, alisema. Wazee waliomjua wamebaki wachache, na amesikia kwamba nilifanya kazi nyumbani kwake. Alikuwa na adabu ya kutosikia kwamba mimi ni mwizi.

Nikamwambia habari ya koo la Khotso. Aliandika haraka, macho yakimng'aa. "Hii ni hazina, Mama," akasema. "Mtu wa imani kiasi hicho! Huko Ulaya bado wanamtaja. Na unajua, nilipokuwa huko nilikwenda kwenye jumba lao la makumbusho, nikakiona kichwa cha yule mzee wake. Simione. Kiko kwenye kabati la kioo, na jina lake limeandikwa: Simione, mla watu, ametolewa na Mchungaji Astier. Nilisimama pale nikaona aibu, halafu nikajiambia—"

"Hapana," nikasema.

"Mama?"

"Hukukiona kichwa cha Simione."

Alitabasamu, kama vijana wanavyowatabasamia vikongwe. "Jina limeandikwa kabisa, Mama. Na mwaka."

"Mwaka upi?"

Akautaja. Ulikuwa ule ule wa theluji kubwa.

Miaka arobaini nilikuwa nimebeba jina la mwizi kama mtu anayebeba maji kichwani, kwa uangalifu, nikijua kwamba angalau tone moja la heri limo. Nilikuwa nimemnyima Moruti kichwa. Sikuwahi kujiuliza Alhamisi ile gari la ng'ombe liliondoka na nini.

"Kilikuwaje?" nikamwuliza. "Kikubwa?"

"Kidogo." Sasa alikuwa hana tabasamu. "Kidogo sana, kusema kweli. Nilidhani labda uzee humpunguza mtu. Meno yalikuwa yote."

"Yote."

"Yote, Mama. Kama ya msichana."

Basi nikamweleza. Nilimweleza yote, kuanzia povu. Mwanzoni alikuwa akiandika, kisha kalamu ikasimama, kisha akalifunga daftari na kuliweka chini ya kigoda kama kitu kilichochafuka. Aliinuka mara moja akatoka nje, nikamsikia nyuma ya zizi akitapika. Aliporudi nilimpa maji, naye akayashika bila kuyanywa.

"Majira yale ya baridi," nikasema, "misheni ilizika watu wanne. Simione na wengine watatu kabla yake, wote wa kifua, wote waliandaliwa chumba cha dawa. Mwana wa akina Ramokoatsi alikuwa mtoto mdogo wa kunyonya, siye. Wawili walikuwa wasichana. Mmoja binti wa Sehloho, yule aliyekuwa karibu kuolewa. Mwingine binti wa mjane wa kule ng'ambo ya kijito. Majeneza yote yalipigwa misumari."

"Wana watu bado?"

"Wapo. Sehloho mwenyewe amekufa, lakini mkewe yuko hai, haoni. Kule kwa mjane yuko dada yake yule binti. Kila mwaka huja kulipaka kaburi udongo mwekundu."

Moruti Phakiso aliinamisha kichwa. Nilidhani anaomba. Ninafahamu watu wa kanisa, nikangoja aniambie kwamba imani ya watu bado changa. Nilikuwa tayari nimeshakunja mdomo kwa kichefuchefu cha kulisikia neno hilo mara ya pili katika maisha yangu.

Alichukua kofia yake sakafuni, akaipangusa vumbi kwa kiwiko.

"Nianzie nyumba ipi?" akauliza.

Nikavuta blanketi langu kutoka msumarini, nikajifunga, nikatafuta fimbo. Kwa mke wa Sehloho, yule kipofu, ni mbali, na njia ina mawe. Nikamwambia twende huko kwanza, kungali mapema.